Ukiliona baka, papasa na shingo

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na familia, Tanga, 25 Juni

Ndugu mwenyekiti, walimu, wahudumu wa afya wa mitaa yetu, wazazi wangu, na nyinyi wadogo zangu mliokuja leo na mabaka yenu meupe ya mbalanga wazi bila kujitanda: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wengine wote hamjambo.

Nimepewa nusu saa na sitaizidisha, maana pilau liko jikoni na harufu yake imeshafika huku mbele.

Tarehe hii ya leo haikuokotwa tu. Ndiyo siku aliyofariki Michael Jackson, mwaka 2009. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba yule bwana alijichubua kwa kuuchukia weusi wake. Mwaka 1993 alikaa mbele ya Oprah Winfrey akasema ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi, na watu wakaendelea kumcheka vilevile. Alipokufa, madaktari waliomchunguza wakakuta alikuwa anasema kweli: alikuwa na mbalanga. Mwaka 2011 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza siku ya mbalanga duniani, na maadhimisho hayo yalifanyika Lagos, Nigeria, kwa juhudi za dada mmoja mwenye mbalanga, Ogo Maduewesi. Nayasema haya ili asije mtu akatuambia kwamba tunaiga mambo ya Wazungu.

Kwanza tuyaweke kando yale ambayo mbalanga siyo.

Mbalanga si ukoma. Wahudumu wa afya, hili nataka mtoke nalo hapa mkiwa mnaliweza kwa mikono yenu. Mkalishe mgonjwa, mwambie afumbe macho. Chukua kipande cha pamba, kisokote ncha iwe nyembamba, umguse ndani ya baka, halafu nje ya baka, halafu ndani tena, na kila ukimgusa aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Mwenye mbalanga ataonyesha kila mara, maana mishipa yake ya fahamu ni mizima. Mwenye ukoma mara nyingi hasikii kitu ndani ya baka, au anasikia kwa mbali sana. Tena baka la ukoma huwa limefifia tu au lina wekundu, halifikii weupe kamili wa mbalanga. Na ukikuta ni ukoma, usimkimbie mtu wa watu. Mfikishe kituoni, dawa zake ni bure na anapona.

Mbalanga si choa. Choa ni fangasi, hukaa sana mgongoni, kifuani na shingoni, ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa unga mwembamba. Kwenye joto letu hili la pwani ndicho kinachojaa kliniki. Mbalanga haitoi unga, haina magamba, ngozi yake ni laini kama ilivyokuwa jana, imepungukiwa rangi basi. Wala mbalanga si ualbino; mwenye ualbino amezaliwa nao, mwili mzima, wakati mwenye mbalanga alizaliwa na rangi yake kamili, ikamtoka baadaye.

Halafu kuna samaki na maziwa. Imani hii utaikuta India, utaikuta Uarabuni, na huku pwani wapo wanaoishika mpaka leo: ukila samaki ukashushia maziwa, utatoka mabaka. Mimi nawauliza watu wa Tanga, ambao maziwa yanatoka mjini hapahapa na samaki wanatoka soko la Deep Sea asubuhi: ingekuwa kweli, nani angebaki na rangi moja mji huu? Mnawanyima watoto chakula kizuri bure. Na habari ya kurogwa sitaizungumzia, nusu saa haitoshi.

Haya, mbalanga ni nini?

Sisi Watanzania somo la kinga ya mwili tulifundishwa na UKIMWI. Ukimtajia mtu kinga anafikiria CD4, zile chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, anafikiria kadi ya CTC, ya kliniki ya UKIMWI, anafikiria kinga imeshuka. Ndiyo maana mgonjwa wa mbalanga akiambiwa na daktari kwamba shida yake iko kwenye kinga ya mwili, anapatwa na mambo mawili. La kwanza ni hofu, na anarudi nyumbani hata mume hamwambii alichoambiwa. La pili linamgharimu pesa: anakwenda kununua dawa za kupandisha kinga. Nimeona vikapu vizima. Unga wa mlonge, vidonge vya mafuta ya sijui samaki gani, chupa zenye picha ya simba ananguruma. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Lakini mwenye mbalanga hajapungukiwa kinga. Kinga yake iko kazini na nguvu zake zote, ila imekosea shabaha. Kuipandisha ndiyo kitu cha mwisho anachokihitaji.

Ndani ya ngozi ya kila mmoja wetu kuna chembe hai zinazotengeneza rangi, zinaitwa melanosaiti. Kwenye damu yetu kuna chembe nyeupe za aina nyingi. CD4 mnaijua, na ndugu yake anaitwa CD8. Kazi halali ya CD8 ni kuua chembe ya mwili iliyoingiliwa na kirusi. Kwa mwenye mbalanga, CD8 zinaingia kwenye ngozi na kuziua melanosaiti ambazo hazina kosa lolote. Zikiwa huko zinamwaga kemikali inayoitwa intaferoni gama, na ngozi ikishaipata kemikali hiyo nayo inatoa ishara ya kuita CD8 nyingine zaidi. Mashambulizi yanajilisha yenyewe. Hapo ndipo mama anakwambia, daktari, lilikuwa saizi ya sarafu mwezi uliopita, leo limefika kwenye kiwiko.

Wakati fulani madaktari walibishana kama kweli kinga ndiyo mhusika. Ushahidi uliozima ubishi mwingi haukutoka kwenye kliniki za ngozi, ulitoka wodi za saratani. Kuna saratani ya hizohizo chembe za rangi, inaitwa melanoma. Miaka ya karibuni zimekuja dawa za kuifungulia kinga ya mgonjwa breki ili iishambulie saratani, pembrolizumab ni mojawapo. Baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa hizo wakaanza kutoka mabaka meupe. Hawakuwa na mbalanga kabla, wameletewa na kinga iliyofunguliwa. Na waliotoka mabaka, ukiwachukua kwa jumla, wakawa na matokeo mazuri kuliko wasiotoka. Kinga iliyokuwa inaikamata saratani ndiyo iliyokuwa inakamata na rangi ya ngozi. Upande wa pili, watu wenye mbalanga ya kawaida wanapata melanoma kwa nadra kuliko watu wengine. Namwambia kila mgonjwa wangu hili, kwa sababu ni mojawapo ya habari chache sana njema anazosikia kuhusu ngozi yake.

Magonjwa ya aina hii, ambayo kinga inaugeukia mwili uliopaswa kulindwa, madaktari huyaita magonjwa ya otoimyuni. Ni mengi. Na yana tabia ya kutembea pamoja, ndani ya mtu mmoja na ndani ya ukoo mmoja. Hili ndilo lililonileta hapa.

Sasa nawaomba wote, mpaka mheshimiwa diwani pale, mweke vidole chini ya kongomeo. Mezeni mate. Mmesikia kitu kimepanda kikashuka? Hilo ni koo, na mbele yake imelala tezi ndogo yenye pande mbili, kulia na kushoto, inaitwa thairoidi. Ikiwa nzima huioni, na kuipapasa inahitaji mkono uliozoea. Ikivimba ndiyo tunaita rovu, au goita. Ndiyo inayouamuru mwili uende mbio au uende polepole: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, uzito, hata wepesi wa kukumbuka.

Tezi hii ndiyo mwenzake mkubwa wa mbalanga. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa nchi mbalimbali wakazisoma kwa pamoja, wakakuta kati ya watu 100 wenye mbalanga, kama 15 wana ugonjwa wa thairoidi. Wengi wao ni wa aina ileile, kinga imeigeukia tezi. Mara nyingi mabaka ndiyo yanayotangulia, na tezi inafuata miaka kadhaa baadaye. Hebu lipime jambo hilo. Mtu anakuja kwako na baka, wewe unaliangalia baka, unamwandikia tyubu, anakwenda zake. Miaka inapita. Tezi inaanza kuliwa kimyakimya na hakuna mtu anayeziunganisha habari hizi mbili, kwa sababu baka ni la kliniki ya ngozi na uchovu ni wa kliniki nyingine.

Nilimpokea mama mmoja, wa miaka arobaini na kitu, mabaka kwenye midomo na kuzunguka macho. Alikuwa amekuja kwa ajili ya uso. Ilikuwa mwezi wa pili, na nyinyi mnaijua Tanga ya mwezi wa pili, feni inapuliza hewa ya moto. Mama huyu amevaa sweta. Nikamwuliza, mama, unaumwa homa? Akasema hapana, siku hizi nasikia baridi tu. Nikaendelea kumdodosa. Choo kigumu. Hedhi nyingi kuliko zamani. Uzito umepanda na chakula hali. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, sasa mwalimu wa kwaya amemhamishia sauti ya pili kwa sababu ile ya juu imekwaruza. Mahali alikokuwa anatibiwa walishampa dawa za damu, kisha wakamwambia ni mawazo. Nikasimama nyuma yake, nikaweka vidole shingoni kwa pande zote mbili, nikampa glasi ya maji nikamwambia ameze taratibu. Tezi ikapanda chini ya vidole vyangu, ngumu-ngumu, imejaa. Tukapima kichocheo kinachoitwa TSH, ambacho mwili hukitoa kuihimiza tezi ifanye kazi, kikarudi kiko juu sana: tezi yake ilikuwa imezembea. Mabaka yake mpaka leo yapo, ingawa ya machoni yamepungua. Sweta lakini alilivua, na sauti ya kwanza amerudishiwa.

Dawa aliyopewa ni kidonge cha levothairoksini, kimoja kila asubuhi, kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai. Ni dawa ya zamani, inajulikana vizuri. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912, na bado unaitwa kwa jina lake.

Kuna na upande wa kinyume, tezi kufanya kazi kupita kiasi. Huyo moyo unamdunda hata amekaa, mikono inatetemeka, anatokwa jasho, anakonda na huku anakula, usingizi hapati, wakati mwingine macho yanatoka nje. Naye kinga ndiyo imemharibia tezi, kwa njia nyingine. Huyu msimcheleweshe, moyo wake unaweza kuingia matatani.

Niweke na neno moja kwa ndugu zangu mlioolewa au kuoa nyanda za juu. Rovu mnayoijua ya Iringa na Njombe, ya bibi zetu, ilitokana na upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini joto imesaidia sana. Rovu hii ninayoizungumza hapa ni nyingine. Haitibiwi kwa kuongeza chumvi, na madini joto yakizidi yanaweza hata kuichokoza. Mtu asije akatoka hapa akaanza kulamba chumvi.

Thairoidi ndiyo kubwa, lakini haiko peke yake. Mwaka 2003 timu ya Richard Spritz wa Chuo Kikuu cha Colorado ilitoa matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa mbalanga zaidi ya 2,600 wa Marekani Kaskazini na Uingereza, pamoja na ndugu zao. Wakakuta mbali ya thairoidi, kuna magonjwa mengine yaliyojitokeza zaidi ya kawaida: upungufu wa damu unaotokana na tumbo kushindwa kufyonza vitamini B12, ugonjwa wa Addison ambao unaziharibu tezi zilizo juu ya figo, na lupus, ambayo kinga inavishambulia viungo vingi vya mwili. Tafiti nyingine zimeongeza kisukari cha aina ya kwanza na kunyonyoka nywele kwa viraka. Ila jambo lililonikaa mimi katika kazi ile ni kwamba magonjwa hayohayo yalizidi pia kwa ndugu wa damu wa wagonjwa.

Kwa hiyo ninapomhoji mgonjwa wa mbalanga siishii kwake. Nauliza: mama mzazi ana rovu? Shangazi je, alifanyiwa upasuaji wa shingo? Kuna mtoto katika ukoo anajichoma sindano za kisukari tangu akiwa shule ya msingi? Kuna mtu nywele zilimtoka kwa duara? Mara nyingi mgonjwa anaanza kwa kusema kwetu hakuna, kisha anafikiri, kisha anasema, aah, ila baba mdogo. Watu hawahesabu magonjwa yasiyofanana kuwa jambo moja, na kwa nini wayahesabu?

Sasa ngoja niwatulize kabla hamjakimbilia maabara. Isomeni ile takwimu kutoka mwisho wake: 15 kati ya 100 wana shida ya thairoidi, maana yake 85 hawana. Wengi wenye mbalanga wana mbalanga tu, wataishi maisha marefu na mabaka yao na mwili uliobaki mzima. Kuna maabara binafsi siku hizi zinauza vifurushi vya vipimo. Mtu mwenye baka moja mkononi anaandikiwa vipimo kumi na mbili na anauza mbuzi. Mimi sikubaliani na biashara hiyo. Mwenye mbalanga apimwe TSH anapogunduliwa, apapaswe shingo, aulizwe ukoo wake na aulizwe anavyojisikia. Akiwa salama, aulizwe tena kila anapokuja kliniki, na TSH irudiwe zikitokea dalili au ukoo ukiwa na historia. Vipimo vingine vifuate dalili. Mtoto mwenye baka akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, na kukonda, hapo usisubiri miadi, pima sukari siku hiyohiyo. Mtu mzima aliyepauka, ulimi unawaka, miguu inakufa ganzi, fikiria B12.

Na kuna mbalanga isiyofuata kanuni hii. Inashika upande mmoja tu wa mwili, mara nyingi usoni kwa mtoto au kijana, inatanuka kwa muda mfupi kisha inasimama palepale. Hiyo haina undugu mkubwa na thairoidi. Ni vizuri mhudumu aangalie: mabaka yako pande zote mbili, viganja vyote, magoti yote? Au upande mmoja peke yake?

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kama ni kinga na damu ya ukoo, kwa nini mimi na si dada yangu? Katika utafiti uleule wa Colorado, mapacha wa kufanana kabisa, waliogawana kila kitu cha kuzaliwa nacho, mmoja akiwa na mbalanga, mwenzake alikuwa nayo kwa asilimia 23 tu. Ukoo unampa mtu uwezekano. Kinachowasha moto ni vitu vingine, na baadhi tunavijua.

Ngozi iliyoumizwa ni mojawapo. Mwenye mbalanga akijikata, akiungua, au akisuguliwa mahali pamoja kila siku, baka jipya linaweza kutokea hapohapo. Kina mama, angalieni pale mnapokaza kanga kiunoni na pale mkanda wa sidiria unapokaa begani. Wanaume, chini ya mkanda wa suruali. Kemikali nazo zimo. Mwaka 1939 huko Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliotoka mabaka meupe mikononi walikutwa wanavaa glavu za mpira zenye dawa moja ya kuzuia mpira usizeeke. Dawa hiyo ilikuwa inaua melanosaiti. India wameandika habari za wagonjwa waliotoka mabaka kwenye mguu kwa mchoro uleule wa mikanda ya kandambili. Japani, mwaka 2013, krimu za kung'arisha uso zilirudishwa kutoka madukani baada ya maelfu ya wanawake kutoka mabaka. Mnaona ninakoelekea. Dada zangu wenye mkorogo kwenye kabati, najua mnanisikia. Hata mtu asiye na mbalanga anacheza na moto. Mwenye mbalanga, au mwenye mbalanga kwenye ukoo, anaumwagia petroli.

Tiba sasa, kwa ufupi, maana wengi mmekuja kwa hili.

Mojawapo ya dawa za zamani kabisa imetoka barani kwetu. Kuna mmea unaoota bonde la Nile, kwa Kilatini Ammi majus. Waganga wa Misri walikuwa wakimpa mgonjwa unga wa mbegu zake kisha wanamkalisha juani. Miaka ya 1940 daktari wa Kimisri, Abdel Monem El Mofty, aliuchukua ujuzi huo akaufanyia utafiti wa hospitali, na kutoka hapo kukazaliwa tiba za mwanga za kisasa. Baadhi ya wagonjwa waliungua vibaya, dozi ya jua haipimiki. Leo hatutumii mmea. Tunatumia mashine yenye mwanga wa urujuanimno wa mawimbi finyu, wa nanomita 311, iliyoanza kutumiwa kwa mbalanga Uholanzi mwaka 1997. Mgonjwa anasimama mbele yake dakika chache, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Rangi ikianza kurudi utaona vidoadoa vyeusi kwenye vinyweleo, kwa sababu melanosaiti zilizobaki hujificha kwenye mashina ya nywele. Ndiyo maana uso unaitika vizuri, na ncha za vidole na midomo, pasipo na vinyweleo, panasumbua. Baka ambalo hata nywele zake zimegeuka nyeupe nalo ni gumu.

Krimu za kuituliza kinga kwenye ngozi zipo: za steroidi, na takrolimusi. Ya steroidi isinunuliwe kienyeji duka la dawa, ikapakwa usoni mwaka mzima. Inakondesha ngozi na kuleta chunusi na michirizi isiyofutika. Mwezi Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya kurudisha rangi ya mbalanga. Hiyo inaizima ile njia ya intaferoni gama niliyoitaja. Katika majaribio, baada ya wiki 24, kama watu 3 kati ya 10 walirudishiwa sehemu kubwa ya rangi ya uso. Ni ghali mno, na sitaki mtu auze kiwanja kwa ajili yake. Mtu akikuuzia kwenye simu dawa ya kuponya mbalanga kwa siku saba, jua anayepona ni yeye na madeni yake. Hata tiba nzuri ikifaulu, ukiiacha baka linaweza kurudi mahali palepale, kwa sababu baadhi ya CD8 hubaki kwenye ngozi zikikumbuka.

Walimu, kwenu ni kitu kimoja: mtoto mwenye baka akae dawati moja na wenzake, wale sahani moja. Haiambukizi kwa mkono, kwa kitana, kwa maji ya kisima wala kwa busu. Na akianza kulala darasani, kusahau, kuvimba uso, msimchape kwa uvivu. Mwiteni mzazi, mtajeni daktari.

Naona mama wa kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ndugu wa damu. Anauliza: binti yangu ana mbalanga, amechumbiwa, upande wa mume wanaogopa watoto. Mama yangu, waambie hivi. Katika ule utafiti wa Colorado, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa waliopata mbalanga walikuwa kama 6 kwa 100. Ni zaidi ya watu wengine, ni kweli, lakini 94 hawakupata. Mbalanga haizuii mimba wala haimdhuru mtoto tumboni. Kitu cha kuangalia kwa binti ni tezi: apime TSH kabla ya kubeba mimba, na aipime tena mapema mimba ikiingia, kwa sababu miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unategemea thairoidi ya mama yake. Ikiwa iko chini anameza kidonge chake, daktari anampandishia dozi, na anajifungua vizuri. Akija kliniki Jumanne nitampapasa shingo mwenyewe, na mchumba akitaka aje naye asikie.